Nani Kakutuma?

Ni saa tano usiku, sijafungua faili hata moja, na prosesa ya kisanduku changu cha kuhifadhia mafaili iko asilimia 98. Mama Neema kalala. Watoto nao wamelala, au angalau wamezima taa. Simu ziko kwenye chaji. Hakuna kiumbe ndani ya nyumba hii aliyeomba picha, filamu wala risiti ya ada ya shule. Lakini feni inavuma mpaka glasi za kabatini zinagongana, na diski zinakwaruza kwa bidii ambayo ningefurahi sana kuiona kwa Junior wakati wa mitihani.

Niseme mapema kwamba simchukii anayefanya kazi. Ninayemchukia ni anayefanya kazi asiyotumwa, halafu akitumwa anasema amechoka. Kisanduku hiki ndivyo kilivyo. Kiombe picha moja ya kipaimara, moja tu, kitazungusha kiduara kwenye skrini mpaka mgeni uliyetaka kumwonyesha anaaga, unamsindikiza getini, unarudi, na kiduara bado kinazunguka.

Kwa ambao bado mnatunza mambo yenu kwenye flashi (na huenda mnalala vizuri): hii ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, imechomekwa kwenye ruta kwa waya. Ina diski mbili za terabaiti 4 kila moja, na kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na ushahidi. Ndani yake kuna Linux. Prosesa ina viini vinne vidogo, ukoo mmoja na vile vya kwenye simu, na RAM ni gigabaiti 1. Inakula umeme wa wati 20 hivi, ambazo ni karibu nusu uniti kwa siku, uniti 14 na ushee kwa mwezi. Nayataja haya ili ieleweke kwamba nina haki ya kulalamika. Uniti ni zangu.

Na kulalamika nimelalamika. Kila ninayemlalamikia ananiambia ninunue kubwa. Kijana wa dukani Kariakoo hakutaka hata kujua kisanduku kinafanya nini. "Mzee, hiyo imechoka. Chukua yenye i5, RAM nane, utanishukuru." Mwenzangu kazini alisema hivyohivyo, ila yeye aliongeza kwamba nyumbani kwake anayo kubwa zaidi ya hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtu yeyote huuliza akisikia vishindo sebuleni saa tano usiku: ni nani yuko huko, na anatafuta nini?

Swali hilo lina jibu, tena la bure. Unaingia kwenye kisanduku kwa SSH, ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe ambayo Mama Neema akiiona anadhani naiba benki, unaandika herufi tatu, top, unabonyeza. Kinakupa orodha ya kila mchakato unaoendelea, anayekula zaidi akiwa juu. Hakuna kujificha.

Kabla ya orodha kuna mistari michache ya juu ambayo watu huiruka, na hapo ndipo wanaporudi dukani kununua kubwa. Kuna namba tatu za mzigo: wastani wa dakika 1, wa dakika 5 na wa dakika 15. Kwa prosesa ya viini vinne, mzigo wa 4 maana yake kila kiini kina kazi yake. Wangu ulikuwa 11. Ungedhani prosesa inakata roho. Lakini Linux, tofauti na mifumo mingine, huwahesabu hata wanaosubiri diski. Ni kama shughuli ya pilau: mpishi mmoja, sufuria moja, na watu kumi na mmoja wamesimama jikoni. Ukihesabu vichwa utasema kuna kazi kubwa sana humo. Kumbe mpishi kashika mwiko anangoja vitunguu, na aliyetumwa vitunguu ni diski. Ukimleta mpishi wa pili, mwenye i5, mtakuwa na wapishi wawili wanaongoja vitunguu.

Kwenye mistari hiyohiyo kuna namba ndogo yenye herufi "wa". Hiyo ndiyo sehemu ya muda ambayo prosesa imekaa bure ikingoja diski. Ikiwa kubwa, acha kuitukana prosesa. Na ukiona mchakato uitwao kswapd0 unapanda juu ya orodha, ujue RAM imejaa na mfumo umeanza kuhamishia vitu diskini na kuvirudisha, diski ileile ambayo tayari inangojwa na ukoo mzima. Hapo kuongeza RAM kunasaidia kweli, kama kisanduku chako kinafunguka. Changu RAM imegandishwa kiwandani. Walioitengeneza walijua mapema kwamba gigabaiti 1 inanitosha.

Sasa orodha yenyewe. Aliyekuwa juu kabisa alikuwa anakula viini vitatu kati ya vinne. Nilimfuatilia mpaka kwao. Alikuwa anatambua nyuso.

Sijawahi kuomba nyuso zitambuliwe. Nyuso za watu wa nyumba hii nazijua, nyingine nazijua kuliko ninavyotaka. Lakini programu ya picha iliyokuja na kisanduku imewashwa tangu kiwandani, kwa imani kwamba kila familia inahitaji kuambiwa mama ni yupi. Kila picha inayoingia hufunguliwa, hutengenezewa vijipicha vya saizi kadhaa, hupekuliwa kutafuta macho na pua, na uso ukipatikana hulinganishwa na nyuso zote zilizotangulia. Kwa picha za harusi ya Neema ningeelewa, siku Neema atakapoolewa. Ila simu zote za nyumba hii zimewekwa zijihifadhi zenyewe kwenye kisanduku, na simu za nyumba hii hazina picha za maana tu. Zina WhatsApp.

Mama Neema yuko kwenye kundi la kikoba, la jumuiya, la wazazi wa darasa la sita, kamati mbili za harusi, na kamati moja ya mahafali ambayo sherehe yake ilishapita lakini kundi linaendelea kuishi kwa nguvu za Mungu. Kila alfajiri, kila kundi hutuma waridi. Waridi lenye umande, maandishi ya rangi ya dhahabu: asubuhi njema, iwe ya baraka. Waridi hilohilo hufika kwenye simu yake, yangu, ya Neema, na ya mama mkwe akiwa amekuja kutusalimia, na kwa kuwa kila moja limepitia mikono tofauti na kubanwa kwa kiwango tofauti, kisanduku huyaona ni mawaridi manne. Yote manne yanatengenezewa vijipicha. Yote manne yanatafutwa pua.

Nilifungua albamu iliyoandikwa Watu ili angalau nione kazi iliyounguza uniti zangu. Mtu mwenye picha nyingi kuliko wote katika ukoo wetu, akimzidi Mama Neema na watoto wote, ni mgombea mmoja wa zamani aliyechapishwa kwenye khanga. Khanga hiyo mama mkwe huivaa kila akija, uso ukiwa mgongoni, na kisanduku kimemkuta mgombea huyo kwenye ubatizo, kwenye mahafali, kwenye msiba wa Morogoro na mara nyingi kwenye foleni ya chakula. Chini yake kimeandika kwa upole: huyu ni nani? Ongeza jina. Anayefuata baada ya watoto ni Noah ya jirani. Huegeshwa mbele ya geti letu, kwa hiyo imo kwenye picha nyingi, na ukiitazama kwa mbele, taa mbili na ile grili, ina uso wa mtu aliyekopwa hajalipwa. Nao umepewa albamu yake. Uso wangu mimi, mwenye nyumba, umegawanywa watu wawili: kabla ya miwani na baada ya miwani.

Kumzima huyo mtambua nyuso ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, baada ya kuitafuta hiyo sehemu ya kubonyeza kwenye mipangilio, ndani ya kichupo ambacho jina lake halihusiani na nyuso. Kisha nikashika simu moja moja nikaiambia ihifadhi folda ya kamera peke yake, si kila picha iliyopita mbele yake. Folda ya WhatsApp ibaki huko huko ilikozaliwa. Nikaondoa pia folda ya taka na folda ya nakala za kompyuta kwenye orodha ya vitu vya kuorodheshwa, kwa sababu kisanduku kilikuwa kinatengeneza vijipicha vya picha tulizokwisha kuzifuta. Vijipicha vya takataka. Nani kakutuma?

Mchakato wa pili hauonekani katikati ya wiki. Hutokea Ijumaa jioni, na jina lake kwenye orodha ni ffmpeg. Huyu ana kibali, kibali cha Junior.

Junior huletewa filamu na rafiki zake kwenye flashi, anazimwaga kwenye kisanduku, kisha anazitazama kwenye televisheni ya sebuleni. Filamu za siku hizi zimebanwa kwa mtindo wa H.265, ambao unafanya faili liwe dogo. Televisheni yetu ni ya enzi za H.264 na haina mpango wa kujiendeleza kielimu. Kisanduku kikiona hivyo, badala ya kusema ukweli kwamba filamu hii na televisheni hii hazielewani, kinajitolea kutafsiri. Hapohapo, filamu ikiwa inatembea. Fremu moja ya kiwango cha 1080 ina nukta 1920 kwa 1080, milioni mbili na ushee. Sekunde moja ina fremu 24 au 25. Ni karibu nukta milioni 50 kila sekunde za kufunguliwa, kupigiwa hesabu na kubanwa upya, na anayejitolea ni prosesa yenye nguvu za simu ya bei nafuu. Prosesa nyingine zimetengewa sehemu maalumu ya kazi hiyo, kwa mfano zile za Intel zenye Quick Sync, na kwao huwa jambo dogo. Yangu haina. Inatumia nguvu za mikono. Jambazi kwenye filamu anainua bastola, anasimama, tunakula karanga, anafyatua.

"Baba, intaneti inasumbua," anasema Junior.

Kwenye nyumba hii kila kitu ni intaneti. Pasi isipopata moto, intaneti. Nimeeleza, kwa sauti ya kawaida na kwa sauti nyingine, kwamba filamu inatoka kwenye kisanduku, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye televisheni, na safari yote haizidi mita tano. Haitoki nje ya nyumba. Bando halihusiki. Siku moja nikachomoa kabisa waya unaoleta intaneti kwenye ruta ili ajionee mwenyewe. Filamu ikaendelea kukwamakwama vilevile kama mwanzo. Junior akanitazama kwa huruma. "Si unaona, baba? Sasa imekata kabisa."

Tiba ya ffmpeg ni kumnyima kazi. Kwenye programu ya kuchezeshea filamu kuna sehemu ya ubora. Ukiiweka kwenye ubora halisi, kisanduku kinatoa faili kama lilivyo na kujitoa kwenye kesi. Halafu anayecheza filamu awe ni kifaa kinachoielewa. Tulichomeka nyuma ya televisheni kidude kidogo kinachojua H.265, tukakiwekea VLC, na asilimia 98 zikawa 5. Kutoa faili diskini na kulipeleka kwenye waya si kazi ya kutoa jasho. Kulitafsiri ndiyo kazi.

Ila Mama Neema naye ana tamthilia zake za Kikorea, na hizo zilikuwa bado zinakwama hata kwa kidude kipya, kwa kuwa anazitazama kwa programu nyingine. Hapo nilihangaika kidogo. Kumbe ni maandishi ya chini. Yako ya aina mbili: yale yaliyo maandishi kweli, ambayo kisanduku huyatuma pembeni na televisheni ikayaandika yenyewe, na yale yaliyohifadhiwa kama picha. Hayo ya picha, kifaa kisipoyajua, kisanduku hulazimika kuyachora juu ya kila fremu, na ukishachora juu ya fremu lazima uibane upya. Kwa hiyo prosesa nzima ilikuwa inachemka ili tusome kwamba mwenyekiti wa kampuni ana mtoto wa nje. Jambo ambalo Mama Neema alishalijua tangu sehemu ya pili.

Baada ya hao wawili nilitegemea usingizi. Haukuja. Saa nane usiku feni inaanza tena.

Hapa ndipo nilipogundua jambo linaloniudhi kuliko yote. Kila programu kwenye kisanduku hiki ina adabu. Kila moja imepangwa na aliyeitengeneza ifanye kazi zake nzito usiku, watu wakiwa wamelala, ili isisumbue mtu. Zote. Antivairasi, usiku. Nakala kwenda kwenye diski ya nje, usiku. Kuorodhesha nyimbo na filamu, usiku. Kusafisha kanzidata, usiku. Hazikuulizana. Saa nane kamili zinajikuta zote mlangoni, kila moja inataka diski, na kila moja ikiandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imechagua muda ambao hakuna msongamano.

Antivairasi ndiyo iliyoniumiza roho. Ukurasa wake wa kwanza una maneno mazuri kwamba inatumia rasilimali kidogo tu. Kidogo tu! Ilikuwa inakagua kila faili la kisanduku, kila usiku, kuanzia mwanzo. Mafaili yaleyale ya jana. Picha za ubatizo wa Neema za mwaka 2009, ambazo hazijaguswa na mtu, zimekaguliwa virusi mara nyingi kuliko viwanja vya ndege vinavyokaguliwa mabomu. Mawaridi pia yamekaguliwa. Nimeiambia ikague mafaili mapya peke yake, na ukaguzi mkuu ufanyike Jumapili asubuhi tukiwa kanisani.

Na ile programu ya nakala ilikuwa imewashiwa kubana. Wazo si baya, kwamba mafaili yabanwe kabla ya kwenda kwenye diski ya nje ili yasijaze nafasi. Lakini karibu kila tulichonacho ni picha za JPG na video za MP4, na hizo zilishabanwa na simu siku zilipopigwa. Huwezi kukamua chungwa lililokwisha kukamuliwa ukapata glasi ya pili. Prosesa inahenya saa nzima, faili la megabaiti 4 linatoka likiwa na megabaiti 4. Nikazima kubana, na kazi iliyokuwa inafika alfajiri sasa inaisha kabla jogoo wa jirani hajajisahau na kuwika saa tisa.

Kwa zile zisizozimika, Linux ina amri iitwayo nice. Kila mchakato una namba ya kipaumbele kuanzia -20 hadi 19, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mchakato unavyowapisha wengine. Nakala nimeipa 19. Iendelee, sina ugomvi nayo, lakini Mama Neema akitaka picha ya vitenge vya kamati, isogee.

Kuna usiku, hata hivyo, ambao hata hayo hayasaidii, nao ni usiku wa umeme kukatika. Umeme wa mtaani kwetu una tabia zake, sitaki kumtaja mtu. Ukikatika ghafla wakati kisanduku kinaandika, kikiamka hakiwezi kujua kama diski mbili bado zinasema kitu kimoja. Kwa hiyo kinainakili ya kwanza juu ya ya pili, neno kwa neno, kuzisawazisha. Terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, ni saa 11. Na hiyo ni kama hakuna anayekigusa. Ukikatika tena saa ya kumi, mambo yanaharibika upya. Kuna mwezi mmoja ambao nadhani kisanduku hakikufanya kitu kingine isipokuwa kujiuliza kama bado ni kizima.

Kusawazisha huko sikuzimi, na simshauri mtu akuzime, maana ndiyo sababu ya kuwa na diski mbili. Unachoweza ni kupunguza mwendo wake. Mfumo wa Linux una namba mbili za kuweka, ya mwendo wa chini na ya mwendo wa juu. Lakini dawa ya kweli ni UPS ndogo yenye waya wa USB unaoingia kwenye kisanduku. Umeme ukienda, UPS inakiambia, nacho kinafunga mafaili, kinazima taa na kulala kistaarabu, hata kama betri ina dakika kumi tu. UPS bila ule waya ni tofali lenye betri. Ya kwangu ilikaa mwaka mzima bila waya kwa sababu fundi aliyeifunga aliuacha kwenye boksi, na boksi Mama Neema analitumia kutunzia viatu vya Krismasi.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifungulia mlango wa nje. Sikumwomba. Alipokuwa anaunganisha alisema, "Bosi, nimekuwekea uweze kuona picha zako hata ukiwa safarini." Safari yangu ndefu mwaka ule ilikuwa Kibaha. Lakini mlango ulibaki wazi kwenye ruta, na nilipofungua kumbukumbu za kisanduku nikakuta watu kutoka pande zote za dunia wanabisha hodi usiku kucha. Wanajaribu jina admin. Wanajaribu root. Wanajaribu test, guest, na mmoja, sijui kwa nini, alijaribu maria. Ni mashine hizo, si watu, hazichoki, na kila hodi inailazimu prosesa ipige hesabu za usimbaji kabla ya kusema hapana. Hapana moja ni rahisi. Hapana za usiku mzima zina feni yake.

Hili si la kucheka. Mwaka 2014 wajanja waliingia kwenye visanduku vya Synology vilivyokuwa wazi intaneti, wakaviweka kuchimba sarafu za dogecoin, na wenyewe walichoona ni prosesa kupanda na folda ngeni yenye jina PWNED. Desemba 2021, QNAP nao waliwatahadharisha wateja wao kuhusu mchimbaji wa bitcoin anayejiita oom_reaper, jina aliloliiba kwa mchakato halali wa Linux, akila karibu nusu ya prosesa. Kilichomfichua ni namba yake ya utambulisho: ilikuwa kubwa, kwa kawaida zaidi ya 1000, wakati michakato halali ya aina ile huzaliwa mapema kisanduku kinapowaka na kupewa namba ndogo. Nikatafuta kwangu. Oom_reaper alikuwepo, namba ndogo, mtoto wa ndoa. Karibu nisikitike. Mchimbaji angalau angekuwa anamfaidisha mtu.

Mlango nimeufunga. Nimezima pia ule utaratibu wa ruta wa kufungulia milango vifaa vinavyoomba vyenyewe. Na anayekosea nywila mara kadhaa anafungiwa nje, sheria iliyomnasa mama mkwe siku ya kwanza tu, na ambayo imebidi niieleze mezani mbele ya ukoo.

Kilichobaki kinanichekesha sasa, ila usiku ule sikucheka. Nimezima nyuso, nimemnyima kazi ffmpeg, nimepanga ratiba, nimefunga mlango, na prosesa inagoma kushuka chini ya asilimia 30. Naangalia orodha: seva ya kurasa za wavuti. Nani anatazama kurasa saa hizi? Nikatembea nyumba nzima kwa miguu mitupu. Kompyuta ya Neema ilikuwa wazi mezani, na kwenye skrini ulikuwepo ukurasa wa usimamizi wa kisanduku, ule wenye grafu nzuri ya kijani inayoonyesha matumizi ya prosesa. Grafu hiyo hujichora upya kila baada ya sekunde chache. Ili ijichore, kisanduku kinakusanya takwimu za michakato yote, diski zote, joto, mwendo wa feni, kinazifunga na kuzituma. Neema aliifungua jioni nilipomwomba anitazamie kama prosesa imeshuka. Nikafunga kichupo. Ikashuka.

Sasa iko asilimia 4. Feni huisikii mpaka uweke sikio. Picha za kipaimara zinafunguka mgeni akiwa bado amekaa, ingawa Mama Neema ananidai albamu ya Watu, kwa sababu kulikuwa na picha fulani ya shangazi ambayo aliipata humo tu. Tumekubaliana nyuso zitambuliwe kwenye folda moja, ya sherehe, tena mchana. Mgombea wa khanga atarudi, najua.

Juzi Junior alinikuta naitazama ile namba kwa raha zangu. Akasimama nyuma yangu, akaisoma.

"Baba, asilimia nne? Yaani kimekaa bure kabisa?"

"Kimepumzika."

"Basi naomba nikiwekee seva ya gemu. Mimi na wenzangu wa darasani, tunacheza wikendi tu."

Nikamuuliza hiyo seva inakula kiasi gani.

"Kidogo tu, baba."

Antivairasi nayo ilisema hivyohivyo.